Namna Mama Yako Alivyohakikiwa

Chanji, Sumbawanga

Mwanangu Atu,

Ni alasiri, nimekaa dukani juu ya gunia la maharage, na kutoka hapa nawasikia wewe na mama yako mkibishana uani kuhusu blanketi. Yeye anasema Iringa kuna baridi. Wewe unasema mtu aliyekulia Sumbawanga hatishwi na baridi ya Iringa. Kusema kweli nyote mko sawa, kwa hiyo mimi siingii. Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kutonunua mayai dirishani kila basi linaposimama, hayo mwachie mama yako. Ameyaanza tangu majuzi na bado hajafika katikati. Mimi nataka kukujibu lile swali lako.

Uliniuliza ukiwa umeshika barua ya ajira mkononi. Ukasema kampuni ya mbegu imekuandika afisa uhakiki, sasa baba, uhakiki hasa ndiyo nini? Nikakujibu kwa sauti nzito ya kibaba kwamba uhakiki ni kazi ya kuhakiki. Ukacheka ukaenda zako jikoni, na nikasikia unamsimulia mama yako, naye akacheka zaidi yako. Tangu siku hiyo sina raha. Nimelisha nyumba hii kwa neno hilo, na siwezi kumweleza mtoto wangu maana yake.

Basi jana nikavuka barabara kwenda kwa jirani yetu muuza vitambaa, yule mzee wa Ujiji aliyesoma chuo cha Kurani utotoni. Akaweka mkasi chini, akafurahi kweli kuulizwa. Akaniambia neno lenyewe asili yake ni kwa Waarabu, na kwamba haki, hakika na hakiki ni ndugu wa tumbo moja. Haki ni kile kilicho kweli na kinachomstahili mtu. Hakika ni pale moyo unapotulia kwa sababu umeijua hiyo kweli. Kuhakiki ni ile safari ya kutoka kwenye maneno ya watu mpaka ufike huko. Akasema hata wasomi wa vitabu wana mhakiki wao, anayeisoma kazi ya mwenzake kuona uzuri wake uko wapi na ubovu wake uko wapi. Nikamuuliza mbona sisi enzi za ujana wetu hatukulisikia mitaani. Akanitazama kwa huruma. Akasema enzi hizo ulikuwa na nini cha kuhakiki, kitenge kilikuwa cha rangi moja, na kikifika watu wanapanga foleni bila kuuliza.

Nimelifikiria jibu lile usiku kucha, na yule mzee ana akili. Kabla ya ruksa ya biashara huria mahindi yalinunuliwa na ushirika, ukapenda usipende, na habari ilisemwa na redio ikaisha. Ruksa ilipokuja, kila mtu akawa mfanyabiashara. Ikaja mitumba, yakaja mabasi ya watu binafsi, na magazeti mapya yakafumuka kila wiki, kila moja lina habari ya Sumbawanga na kila habari ina mchawi ndani yake. Hapo ndipo nchi nzima ilipoanza kuhitaji uhakiki, na wengi wetu hatukuujua.

Mimi mwenyewe niliingia hapa kwa ruksa hiyo. Nilitoka Tukuyu nikiwa kijana mwembamba mwenye suruali pana, nikapanda lori la tajiri mmoja wa Mbeya kuja kununua mahindi na maharage. Kazi yangu ilikuwa bambo. Unalijua, lile lililotundikwa nyuma ya mlango: chuma chenye ncha na mfereji, unachoma gunia, punje zinateremka kiganjani, unatazama kama zimeoza au zimelowa. Nilikuwa nachoma gunia kwa madaha, mkono mmoja kiunoni, kisha natamka "safi" mpaka wakulima wanatazamana.

Siku moja pale Matai alikuja msichana na magunia ya baba yake, maharage matupu. Nikachoma la kwanza juu, nikatamka safi. Yule msichana akaninyang'anya bambo. Akainama, akalichoma gunia chini kabisa, akanimwagia kiganjani maharage meusi yaliyoota na mkia. "Nilimwambia baba asiyaweke haya," akasema. "Hakunisikia. Sasa wewe nawe huoni?" Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka na sisi wote wawili, baba yake na mimi. Jina lake Skolastika. Nilimpenda palepale, hata kiganja nilisahau kukikung'uta.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya uhakiki niliyofundishwa, na aliyenifundisha ndiye huyo anayekunja blanketi usilolitaka.

Nilipopeleka habari Tukuyu kwamba nimepata mchumba Ufipa, bibi yako alilia kama nimekwisha kufa. Majirani wakaja kumpa pole. Wote walijua habari za Sumbawanga, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka Tunduma. Huko watu husafiri kwa ungo. Huko ukikataa kumsalimia mzee, radi inakufuata hadi kitandani, tena saa za mchana. Mimi nilikuwa nimeishi Chanji msimu mzima bila kupigwa na kitu chochote isipokuwa baridi, lakini nani angenisikiliza, nilikuwa nimekwisha kurogwa, ushahidi ni kwamba nilitaka kuoa.

Na usidhani wa Mwazye walikuwa na nafuu. Huko kwa babu yako mzaa mama walikuwa wakiambizana kwamba Wanyakyusa ni watu wa majivuno, wanakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na kwamba wanawake wa kwetu huwachapa waume zao hadharani. Hilo la mwisho lina ukweli kiasi, lakini si hadharani.

Kwetu na kwao desturi ilikuwa moja: kabla ya kuposa, ukoo unatuma mtu akachunguze ukoo wa pili. Anakwenda kimyakimya, anaomba maji, anauliza habari, anatazama kama kuna ugonjwa, uvivu au uchawi. Tukuyu wakamteua babu yako Ambokile, mdogo wake baba yangu, kwa sababu alikuwa na koti. Mwazye wakamteua Deo, mjomba wake mama yako, kwa sababu alikuwa amewahi kufika Mbeya kwenye mkutano wa kwaya. Wakaanza safari wiki ileile moja, huyu anakuja na yule anakwenda, wala hakuna aliyejua habari ya mwenzake. Kilichokuwa mikononi mwao ni mimi na mama yako. Mmoja akirudi na neno baya, basi, tumeachana.

Sasa, masika ya miaka ile. Barabara ilikuwa udongo mtupu, na Laela palikuwa pabaya kuliko pote. Basi la Ambokile likazama upande wa Tunduma, na la Deo likazama upande wa Sumbawanga, abiria wote wakajazana kwenye gesti moja. Wale wawili wakapewa chumba kimoja. Wengine walitembea kwa miguu wakaendelea na safari zao, lakini hawa wawili walibaki. Kila mmoja akasema anasubiri barabara ikauke. Uongo. Ambokile alikuwa anawaogopa Wafipa, na Deo alikuwa anawaogopa Wanyakyusa, na wote wawili walikuwa wamegundua kwamba mama wa gesti anapika maharage matamu sana.

Wakakaa, wakala, wakazoeana. Unajua mtu akiwa safarini na mgeni asiyemjua husema asiyoyasema kanisani. Ambokile akaanza kulalamika kuhusu kijana wao mmoja wa ukoo, anayejidai ni tajiri wa mahindi na kutangaza kwamba lori ni lake, kumbe hukaa juu ya magunia na wapakizi wengine. Kijana huyo ni mimi. Ndiyo, nilimwambia babu yako wa Mwazye kwamba lori ni langu. Alikuwa amelitazama kwa namna nzuri sana, nikashindwa kumkatalia.

Deo naye akafungua moyo. Akasema wao wana binti mkweli kupita kiasi, anaweza kukuaibisha mbele ya mnunuzi. Halafu akasema jambo ambalo Mwazye walikuwa wamekubaliana wasimwambie mtu wa Tukuyu. Binti huyo aliwahi kuposwa na kijana wa hapohapo kijijini. Mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa. Kijana akapigwa na radi akafa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuposa, na wako watu wanaomkwepa njiani.

Barabara ilipokauka, Ambokile akaona aibu kubaki. Akamuuliza rafiki yake mpya kama kuna gari la kwenda Mwazye. Deo akasema Mwazye ndiko kwetu, unakwenda kwa nani? Akataja. Mama wa gesti alinisimulia baadaye kwamba alidhani wamegombana, maana ghafla kulikuwa kimya na chai ikapoa. Kisha wakacheka mpaka Ambokile akavua koti.

Lakini walipomaliza kucheka, jambo la radi lilikuwa bado pale mezani. Ambokile angeweza kurudi nalo Tukuyu siku hiyohiyo. Lilikuwa ndilo hasa alilotumwa kulitafuta, na lingemwepusha kufika Ufipa. Deo akamwambia, "Nimekueleza nikidhani wewe ni msafiri tu. Ukilipeleka hivi hivi, mtoto wetu hataolewa tena maisha yake yote. Twende kwanza ukapaone."

Wakaja wote wawili mpaka hapa Chanji. Wakanikuta kwenye mizani nimefunikwa na vumbi la mahindi, bila lori. Deo akanizunguka, akanitazama miguu, meno, mikono, akasema kazi yake imekwisha, kijana ni mwongo kidogo lakini anafanya kazi. Ambokile akanivuta pembeni akanieleza habari ya radi. Akaniuliza kama nitafuatana nao Mwazye.

Atu, nilisema mahindi yananisubiri. Mimi niliyewacheka Tukuyu nzima nilisikia neno radi nikaanza kuona kila kitu wanachokiona wao: ungo, moto, mama yako ananitazama tu. Nilimpenda, na niliogopa kwenda kuona kama ni kweli. Nikashika tena mizani. Wakaondoka wazee wawili na mwavuli mmoja.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa Deo, maana Ambokile husimulia sehemu zake nzuri peke yake. Kufika ule mgongo wa mwinuko juu ya kijiji, pale alipofia yule kijana, mvua ikawanyeshea. Hakuna mti pale, unajua Ufipa ilivyo, nyasi tupu mpaka macho yachoke. Ngurumo ikapita juu yao. Deo akamwambia achuchumae kama watu wa huku wanavyofanya. Ambokile akaona kuchuchumaa hakutoshi. Akaenda kwa magoti na viganja, koti likiburuzika kwenye tope, huku anaimba tenzi na kuchanganya beti, mwavuli umefungwa na amemwachia Deo aubebe kwa sababu una chuma. Chuma hicho ndicho kilichomfungua macho. Akauliza kijana yule alikuwa amebeba nini. Deo akasema jembe, begani, alikuwa anakimbia nyumbani na mvua. Ng'ombe waliokuwa karibu naye walikufa pia. Ambokile akaendelea kutambaa, lakini sasa alikuwa anatambaa na kufikiri.

Na hakuishia hapo. Ndiyo sababu nampenda yule mzee mpaka leo, pamoja na koti lake. Hakwenda kwanza kwa babu yako. Alikwenda kwa mama wa yule marehemu, na tope lake lote, akaketi akamuuliza moja kwa moja. Alijua kwamba kama kuna mtu duniani mwenye sababu ya kumchukia Skolastika, ni huyo.

Yule mama akampa kigoda na kitambaa cha kujifuta. Akasema, "Skola alifika kwa mwanangu kabla yangu. Nilimkuta amemfunika kwa kanga yake mwenyewe, amekaa naye mvuani, hataki kuondoka. Mpaka leo huja kunilimia. Mwambie aolewe, nimechoka kumwona anazeeka shambani kwangu."

Ambokile akala ugali wa mama yako siku hiyo, akaomba na wa pili.

Tukuyu wazee walikusanyika kusikia taarifa. Alisimama na koti lake ambalo alikataa lisifuliwe. Akawaeleza yote, ya radi bila kupunguza, ya jembe, ya yule mama. Mmoja akauliza tutajuaje kwamba si kweli kwamba binti ana mkosi. Akasema, "Nimenyeshewa palepale alipofia yule kijana, nimekula mkononi mwa binti, na nimelala kwao. Mnataka kuhakiki? Nihakikini mimi." Basi wakamhakiki. Bibi yako alikuwa anampima homa kila asubuhi. Wakamwekea kitanda karibu na moto, wakamchinjia, wakamtazama mpaka mahindi yakaanza kubeba, wakisubiri afe. Yeye aliipenda sana ile hali. Alikuwa mzima kabisa, ila kila nyama ikiinjikwa anakohoa kidogo. Walipochoka kumlisha wakakubali nioe.

Harusi yetu ilikuwa nzuri, wewe umeona picha, suruali ile ile.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Tulikuwa hatujamaliza hata mwezi, tunachambua maharage hapa hapa kibarazani, mama yako akaniuliza kwa sauti ya kawaida. Baba mdogo alitambaa kwenye tope kwa ajili yangu, na hakuwa ananijua. Wewe uliyekuwa unanitaka ulikuwa wapi? Nikasema nilikuwa kwenye mizani. Hakugomba. Alisogeza ungo, akaendelea kuchambua. Ningefurahi kama angenipiga, kama Wanyakyusa wanavyosingiziwa. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tena, hata siku babu yako alipojua habari ya lori.

Tangu hapo ana neno moja. Nikisema nina hakika fundi amemaliza paa, ananiuliza, ulienda? Nikisema mahindi ya Msanzi mwaka huu ni mazuri, nimeambiwa, anauliza, ulienda? Hata ulipokuwa sekondari, nikamwambia kwamba mwalimu mkuu ameandika unaendelea vizuri, alivaa viatu akapanda gari, akakukuta una malaria umelala bwenini unaandika barua kwamba hujambo. Wewe hukujua kwa nini alikuja ghafla. Alikuja kwa sababu ya barua nzuri.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo, ukilipenda. Huko kazini watakuletea taarifa zilizopigwa chapa vizuri, kwamba mkulima fulani amepanda mbegu ile, na shamba liko umbali ule kutoka mbegu nyingine ili zisichanganyike. Utakuwa na kiti na feni. Na kuna siku utakuwa umechoka, au utakuwa unaogopa utakachokikuta huko, na taarifa iko hapo mezani inakungoja uitie saini. Mimi nakujua, una moyo wa mama yako, lakini miguu umerithi kwangu, inapenda kukaa. Usinifuate katika hilo, mwanangu. Sina mawaidha mengine. Hayo mengine atakupa yeye kwenye foleni ya mizigo.

Nimemwomba akukabidhi barua hii ukishaketi kwenye basi, usiisome hapa nyumbani ukaanza kunitania mbele ya wateja. Kwa hiyo ukifika mstari huu pengine mmekwisha kuiacha Laela, barabara siku hizi ni lami, hakuna anayezama.

Najua pia utakuwa na hasira kidogo, kwa sababu asubuhi hukuniona kituoni. Uliambiwa nimekwenda kupokea mzigo. Jana nilimwambia mama yako kwamba chumba ulichopangiwa Iringa ni kizuri, mwenye nyumba ni mama mcha Mungu, mtaa umetulia, nimeambiwa na mtu anayepajua. Aliingia ndani, akatoka na kanga yake ya kufungia pesa, akaenda kituoni, akarudi na tiketi akaniwekea juu ya mizani. Akasema, "Safari hii nenda."

Geuka nyuma taratibu, usinitie aibu mbele ya watu. Nimevaa koti. Sitazungumza nawe mpaka Mbeya kama hutaki, na sitakaa Iringa zaidi ya inavyohitajika. Nataka tu kumsalimia huyo mwenye nyumba, nisimame nje ya chumba chako, ufunge mlango kwa ndani, mimi niusukume kwa bega langu lote. Usipofunguka, nitarudi nyumbani kwa mama yako na jibu.

Baba yako